Mikwaruzo na Rangi ya Simu: Yanayompasa Mtumiaji Kuyajua Kabla Ganda Halijaguswa





Mada niliyokabidhiwa huenda ikaonekana ndogo mbele ya zile zilizotangulia. Wenzangu wamezungumzia gharama za vifurushi, usajili wa laini kwa alama za vidole, na ule utapeli wa ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii". Mimi nimeombwa nizungumzie mikwaruzo. Hata hivyo, simu ya leo ni pochi, ni daftari la biashara na ni sanduku la nyaraka za familia, na ganda lake la nje ndilo linalovilinda vyote hivyo. Mtu anayempelekea fundi simu ili ing'arishwe tu anamkabidhi mambo mengi kuliko anavyodhani. Vilevile, mtu anayenunua simu iliyotumika husoma umri wake na historia yake kwenye ganda hilohilo, na rangi mpya huyafuta maandishi hayo.

Hakuna kosa kuipaka rangi simu yako. Ni mali yako, nawe una hiari ya kuifanya nyekundu, ya buluu au ya rangi ya timu yako. Ninachoomba ni kwamba kazi hiyo ifanywe kwa kuijua simu yenyewe, na kwamba isitumike kumdanganya atakayeinunua baadaye.

Tuanze na asili ya mkwaruzo. Wengi wetu hulaumu funguo. Kwa kioo cha simu, funguo mara nyingi hazina hatia, kwa kuwa chuma chake ni laini kuliko kioo. Mkosaji ni mchanga. Katika kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, chenye ngazi 1 hadi 10, kioo cha kawaida huwa kati ya 5 na 6, ilhali madini ya kwatzi yaliyomo katika mchanga mwingi yapo kwenye 7. Chembe moja iliyojificha mfukoni hukwaruza kioo kila unapopiga hatua. Ndiyo maana simu ya mtu anayefanya kazi ya ujenzi, au anayeendesha bodaboda katika barabara ya vumbi, huzeeka upesi kuliko ya karani, hata kama zilinunuliwa siku moja.

Kabla ya kuushughulikia mkwaruzo, ni lazima ujue umekaa juu ya kitu gani. Maganda ya simu nyingi ni ya aina tatu: plastiki, alumini na kioo. Dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Plastiki ndiyo rafiki wa mwenye kipato cha kawaida, nayo ndiyo inayokubali rangi kwa urahisi zaidi. Kama mkwaruzo ni wa juujuu, yaani ukipitisha ukucha haukwami, hauhitaji rangi kabisa. Futa ganda kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha sugua polepole kwa dawa ya kung'arishia plastiki. Dawa ya meno nyeupe, ile isiyo ya jeli, hufanya kazi hiyo kwa kiasi, kwa sababu ndani yake mna unga mwororo unaosaga. Lakini isitumike kwenye kioo cha mbele! Kioo hicho kina utando mwembamba unaozuia mafuta ya vidole kushika, na ukisuguliwa huondoka. Mkwaruzo utabaki palepale, na alama za vidole zitaanza kuganda.

Kama ukucha unakwama, hapo ndipo msasa na rangi vinapoingia. Utaratibu ulio sahihi ni huu. Kwanza, ganda linalofunguka lifunguliwe na liwekwe mbali na simu yenyewe. Lisafishwe kwa sabuni na maji, likauke, kisha lifutwe kwa spiriti ili kuondoa mafuta ya mikono. Msasa utumike ukiwa umeloweshwa, kuanzia namba 800 na kumalizia na 1500 au 2000, hadi mng'ao wote wa zamani utoweke na uso uwe wa ukungu sawasawa. Anayeruka hatua hii kwa haraka atashuhudia rangi yake ikibanduka kama ganda la kitunguu kabla ya mwezi kuisha. Ifuate praima ya plastiki, kisha rangi ya kupuliza, katika matabaka mepesi mawili au matatu, kopo likiwa umbali wa sentimeta 20 hadi 30. Kila tabaka lipewe dakika 10 au 15, au muda ulioandikwa kwenye kopo. Mwisho huja ile rangi isiyo na rangi ambayo mafundi wa magari huiita klia. Hiyo ndiyo itakayopokea mikwaruzo ijayo.

Baada ya hapo, subira. Rangi iliyokauka kwa kuguswa bado haijakomaa. Iache saa 24 kabla ya kulirudisha ganda, na iepushe na kava la mpira kwa siku kadhaa zaidi. Wakazi wa Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam waongeze tahadhari moja. Wakati wa masika hewa huwa na unyevu mwingi, na unyevu huo hunaswa katika klia inayokauka, ukaacha weupe kama wa maziwa. Chagueni siku kavu, na kivuli chenye hewa inayopita.

Jambo jingine ni tina. Katika karakana nyingi za simu, chupa ya tina iko mezani muda wote, na fundi hushawishika kuitumia kuondolea rangi ya zamani. Tina na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, huyeyusha plastiki nyingi za simu. Ganda hugeuka kuwa la kunata, kisha hupasuka pembeni. Ukiona chupa hiyo inafunguliwa juu ya ganda lako, uliza kwa upole, "Fundi, umeijaribu upande wa ndani kwanza?" Swali hilo halimdhalilishi mtu.

Alumini ni habari tofauti. Rangi unayoiona kwenye simu ya alumini kwa kawaida haikupakwa. Imenyweshwa ndani ya utando mgumu uliooteshwa juu ya chuma kwa umeme na tindikali kiwandani, nao ni mwembamba kuliko unywele. Msasa ukipita, utando huo umekwenda, na hakuna karakana ya mtaani inayoweza kuurudisha. Kwa mkwaruzo wa alumini, ushauri wangu ni kava zuri au stika ya kufunika mgongo mzima, basi. Na mgongo wa kioo? Rangi yake iko upande wa ndani, chini ya kioo. Ukikwaruzika haupakwi, hubadilishwa kioo chote.

Hapo kwenye kubadilisha ndipo hatari halisi inapoanza, kwa kuwa ganda la simu nyingi za sasa limebandikwa kwa gundi. Fundi hulipasha moto kwa bloa ili gundi ilegee, na sentimeta moja au chini ya hapo kutoka kwenye joto hilo kuna betri ya lithiamu. Betri hiyo haipendi joto kali, na haivumilii kabisa kuchomwa na ncha ya kifaa cha kubandulia. Ikitobolewa huweza kuwaka papo hapo. Simu ambayo mgongo wake umebenuka isipelekwe kupakwa rangi hata kidogo. Huko si kuchakaa kwa ganda, ni betri inayovimba, na mwenye kufunika uvimbe huo kwa rangi amefunika moto. Aidha, simu iliyouzwa kwa sifa ya kustahimili maji hutegemea gundi ya kiwandani. Ikishafunguliwa, ihesabuni kuwa haistahimili maji tena, hata kama fundi ameifunga vizuri kwa macho.

Niruhusuni niseme kidogo kuhusu vitundu. Simu inapumua na kusikia kupitia matundu madogo: la kipaza sauti chini, la spika ya sikioni juu, na karibu na hilo la juu, kwenye simu nyingi, kuna kihisi kinachozima mwanga wa kioo unapoiweka simu sikioni. Tone moja la rangi likiziba tundu la kipaza sauti, wanaokupigia wataanza kulalamika kuwa sauti yako inatoka kisimani. Kihisi kikizibwa, kioo hubaki cheusi wakati wa maongezi. Rangi yenye chembe za chuma, ile inayometameta, huweza kudhoofisha mawimbi yanayopita kwenye ganda la plastiki, kwa sababu antena iko nyuma yake. Watumiaji hudhani mtandao umeharibika, na wengine hufika kwetu kuulalamikia mtandao ambao haujakosa lolote. Kwa hiyo, kila tundu lizibwe kwa utepe wa karatasi kabla ya kupuliza, na utepe uondolewe rangi ikiwa bado haijakauka kabisa.

Sasa tuje kwa fundi. Kama ganda linatoka, mpelekee ganda, usimpelekee simu. Hili peke yake lingewaepusha watu wengi na hasara. Kama halitoki, toa laini zako na kadi ya kumbukumbu kabla simu haijaondoka mkononi mwako, na nakili picha na namba muhimu mahali pengine. Usitoe namba ya siri ya kufungulia simu. Kazi ya rangi haihitaji kuingia ndani ya simu. Anayeidai ana jambo jingine analolitafuta, au angalau hana sababu ya kuidai. Namba ya siri ya huduma za fedha haipewi mtu yeyote, hilo mmeshalisikia asubuhi. Dai risiti iliyoandika kazi itakayofanywa, bei, siku ya kuichukua, na namba tambulishi ya simu yako, ambayo utaipata kwa kubonyeza *#06#.

Namba hiyo tambulishi yenye tarakimu 15 ndiyo kitambulisho cha simu, na inahusiana na rangi kuliko tunavyofikiri. Katika simu nyingi huandikwa pia kwenye stika chini ya betri, mgongoni, au kwenye kitrei cha laini. Msasa huifuta na rangi huifunika. Ganda lililotolewa kwenye simu nyingine huja na namba ya simu hiyo nyingine. Mtumiaji mwadilifu anaweza kujikuta kituoni akieleza kwa nini namba ya mgongoni na ile inayotokea kwenye kioo hazilingani, ilhali hakuiba chochote. Stika hizo zisipakwe, na risiti ya kubadilisha ganda itunzwe pamoja na ile ya kununulia. Kuibadilisha namba iliyo ndani ya simu kwenyewe ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Asiwepo fundi wa kukwambia ni sehemu ya huduma.

Upande wa mnunuzi, fikirini mama anayekusanya faida ya genge lake kwa miezi mingi, kisha akanunua simu inayong'aa kama iliyotoka kiwandani jana. Betri yake imechoka na ndani ina kutu ya maji, ila mgongo ni mpya. Muuzaji aliyesema "mpya kabisa" hakufanya ujanja wa kibiashara tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Simu iliyopakwa rangi inaweza kuuzwa kihalali, mradi isemwe kuwa imepakwa, na bei ilingane na hali yake.

Ili msitegemee maneno ya muuzaji pekee, vuteni kitrei cha laini mkiangalie: rangi ya kingo zake mara nyingi haifanani na ya ganda lililopakwa upya. Angalieni ndani ya tundu la kuchajia na kwenye vichwa vya skrubu kama pana matone. Bonyezeni vitufe vya pembeni. Rangi nene huvifanya vizito au vigande. Nusa, maana klia changa bado hunuka. Kisha bonyeza *#06#, linganisha na boksi na risiti, na tuma tarakimu hizo 15 kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakutajia aina ya simu. Kama muuzaji anasema ni aina moja na jibu likataja nyingine, mrudishie simu yake na uondoke na fedha zako.

Na endapo fundi ameharibu, au muuzaji amepotosha, anza kwake kwa maandishi, ukiambatanisha nakala ya risiti. Akikataa kusikiliza, suala la bidhaa na mauzo lipelekwe Tume ya Ushindani, na lile la huduma ya mawasiliano liletwe kwetu. Risiti halisi ibaki kwako siku zote, tupeni nakala.

Pale mlangoni kuna meza yenye fomu za malalamiko, na wenzangu wawili wamekaa hapo. Mwenye simu yenye ganda lililobadilishwa, au asiyejua namba yake tambulishi iko wapi, apite awaone kabla hajaondoka. Nipo tayari kwa maswali.