Asali ya Mzee na Mashine ya Ukaguzi
(Maneno kwa wajumbe wa sharika wanaosafiri kwenda Ujerumani)

Ndugu wapendwa, wazee wetu na akina mama mnaojiandaa kwenda kuutembelea usharika rafiki, tumeombwa tuseme machache juu ya ukaguzi wa uwanja wa ndege. Pasipoti na viza zimekwisha patikana. Lililobaki huonekana dogo, lakini katika safari moja iliyopita ndilo lililotutia aibu.

Mzee mmoja wa kanisa alibeba chupa mbili za asali ya nyuki wadogo, zawadi kwa wenyeji wake. Aliziweka kwenye begi la mkononi akihofia zisivunjike. Pale KIA begi likavutwa pembeni, na asali ikaishia kwenye pipa. Mzee hakusema neno. Tulipokwisha kaa ndani ya ndege akatuuliza, "Wamenidhania nini?" Kosa halikuwa lake wala la mkaguzi. Lilikuwa letu sisi tuliomkatia tiketi tusimweleze.

Basi tueleze. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyokusudiwa kufichwa katika chupa za vinywaji. Ndiyo maana hadi leo, katika viwanja vingi, kila chombo cha kimiminika kwenye begi la mkononi kisizidi mililita 100, na vyote vienee katika mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa lita moja. Kinachopimwa ni chombo: chupa ya mililita 200 yenye mafuta kidogo chini itachukuliwa pia. Asali, siagi ya karanga, losheni na dawa ya meno vyote vimo. Viwanja vingine vimepata mashine mpya na kulegeza, lakini ninyi mtabadilisha ndege njiani, na kule mtakaguliwa upya.

Asali iende kwenye begi kubwa, imefungwa vema. Ulaya huruhusu hadi kilo 2 kwa mtu. Samli na nyama kavu viacheni nyumbani. Rungu na sime za zawadi nazo ziende begi kubwa. Pawabenki ni kinyume chake, hukaa mkononi. Wenye kisukari wabaki na insulini yao mkononi pamoja na barua ya daktari. Dawa inayohitajika safarini haibanwi na zile mililita 100.

Fikeni saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Pale KIA mizigo hupita kwenye mashine mlangoni, kisha mtakaguliwa tena kabla ya kuingia ukumbi wa kusubiria. Mkiwa bado kwenye foleni, tieni sarafu, funguo, simu na mkanda ndani ya begi. Viatu vueni mkiambiwa. Mwenye chuma mwilini au kifaa cha moyo aseme kabla ya kupita. Mama akihitaji kupapaswa, au kufunguliwa kilemba, aombe mkaguzi mwanamke na mahali pa faragha. Kuomba hivyo si ukaidi. Na watani wetu, tunawafahamu, mzaha wa bomu usitamkwe kabisa.

Liko moja ambalo hatutalilegeza. Habari za safari zikienea, watakuja watu na vifurushi: "Mpelekee mwanangu kule." Kwenye kaunta mtaulizwa kama begi mmelipanga wenyewe, nanyi mtatakiwa kujibu kweli. Wako watu waliofungwa kwa mzigo wasioujua. Kwa hiyo hakuna kupokea kilichofungwa, hata kikitoka kwa mchungaji, hata kikitoka kwetu. Kifunguliwe mbele ya mwenyewe, mkione chote, ndipo mkipange kwa mikono yenu. Akikataa, rudisheni. Mkiona haya kumkatalia ndugu, semeni ofisi imekataza. Hamtakuwa mmesema uongo, tumekataza.

Jumamosi leteni mabegi ya mkononi hapa ofisini tuyafungue pamoja. Mizani ipo.