Kompyuta mpakato ya zamani: imechoka, au imehukumiwa tu?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha rasmi huduma zake za kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliokuwa umezinduliwa Julai 2015. Asubuhi iliyofuata, kompyuta zilizokuwa zikitumia mfumo huo ziliwaka kama ilivyo ada. Hakuna kilichozimika, wala hakuna hati iliyopotea. Kilichokoma ni masasisho ya usalama, yaani yale marekebisho ya kila mwezi yanayoziba mianya inayogunduliwa na wadukuzi. Kompyuta iliyonyimwa marekebisho hayo ni mfano wa nyumba yenye kitasa kizima, lakini ambayo nakala za ufunguo wake zimekwisha kuzagaa mtaani.

Mrithi wa mfumo huo, Windows 11, alitoka Oktoba 2021, naye ni mchaguzi. Hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa prosesa za Intel, orodha ya zile zinazokubaliwa, ukiacha chache, huanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Athari yake huonekana wazi mtu akiziweka mezani kompyuta mbili za ThinkPad zinazotengenezwa na kampuni ya Lenovo: T470 ya mwaka 2017 na T480 ya mwaka 2018. Kwa macho, mtu asiye fundi hawezi kuzitofautisha. T480 yenye prosesa ya kizazi cha nane inapokewa na Windows 11, na dada yake aliyemtangulia kwa mwaka mmoja anafungiwa mlango. Ni vigumu kuamini kwamba mwaka huo mmoja ndio uliotenganisha chombo salama na kisicho salama.

Kwa wasemao Kiswahili walio ughaibuni, suala hili halikomei ofisini. Kompyuta iliyostaafishwa Birmingham, Muscat au Minneapolis ndiyo mara nyingi inayopakiwa katika begi la safari kuelekea Tanga, Mombasa au Bujumbura, zawadi kwa mpwa anayeanza chuo. Ikiwa kompyuta hiyo imehukumiwa tu na tarehe, kuitupa ni kumnyima kijana huyo miaka kadhaa ya masomo. Ikiwa imechoka kweli, kumpelekea ni kumtwisha taka ambayo kwao hakuna pa kuitupia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa 2024 ilieleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na kwamba barani Afrika kiasi kinachokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaotambulika hakifiki asilimia moja. Kwa hiyo kujua tofauti kati ya kuchoka na kuhukumiwa ni jambo lenye uzito.

Lalamiko la kwanza dhidi ya kompyuta ya zamani huwa ni lile lile: imekuwa nzito. Inachukua dakika tano kuwaka, na mtu akifungua barua pepe, kishale kinazunguka mpaka chai inapoa. Wengi huilaumu prosesa. Mara nyingi prosesa haina hatia. Mkosaji ni diski.

Diski ya jadi ni kisahani kinachozunguka, katika kompyuta mpakato nyingi mara 5,400 kwa dakika, huku mkono mwembamba ukisogea juu yake kutafuta data mithili ya sindano ya santuri. Kila data inapohitajika, mkono huo sharti usogee na kungoja kisahani kifike mahali pake. Matokeo yake, diski ya namna hiyo inaweza kuchota vipande vya data vilivyotawanyika chini ya mara mia moja kwa sekunde. Diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, ambayo mafundi huiita SSD, hufanya hivyo maelfu mengi ya mara kwa sekunde. Mfumo endeshi unapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotapakaa, na hapo ndipo dakika tano hugeuka nusu dakika. Hakuna badiliko jingine katika kompyuta ya zamani linalorudisha thamani kubwa hivyo kwa fedha kidogo. Anayeanza kwa kununua kitu kingine, huku diski inayozunguka ikiwa bado imo ndani, amebandika rangi mpya kwenye mlango uliooza.

Chukua ThinkPad X220 ya mwaka 2011. Diski yake hutolewa kwa kufungua skrubu moja tu na kuivuta kama droo. Memori zake mbili zimo chini ya kifuniko kidogo tumboni. Pamoja na kuwa waraka wa mtengenezaji ulitaja gigabaiti 8 kuwa kikomo, watumiaji wengi wameiwekea 16 na ikafanya kazi bila tatizo. Tahadhari pekee kuhusu diski yake ni unene: nafasi iliyopo ni ya milimita 7. Katika kompyuta za baadaye kuna mtego mwingine. Tundu jembamba liitwalo M.2 hupokea diski za aina mbili zinazofanana kwa umbo, SATA na NVMe, na tundu lililoundwa kwa aina moja huenda lisiitambue nyingine kabisa. Kabla ya kulipa dukani, ni bora kusoma maelezo ya mtengenezaji kwa jina kamili la kompyuta lililoandikwa chini yake.

Kabla ya kung'oa chochote, mafaili yanakiliwe. Diski ya zamani inayotoa mlio wa kugonga-gonga haitoi onyo la pili. Programu ya bure ya Clonezilla inaweza kuhamisha kila kilichomo kutoka diski moja hadi nyingine, kwa kutumia waya wa USB wa kuunganishia diski.

Kuhusu memori, kanuni ni fupi. Gigabaiti 4 ni taabu siku hizi, 8 hutosha kwa masomo na kazi za ofisi, na 16 ni starehe. DDR3 na DDR4 haziingiliani, kwani pengo lililochongwa kwenye kila moja liko mahali tofauti, na kulazimisha ni kuvunja. Kuelekea mwisho wa mwaka 2025 bei za memori mpya zilipanda sana duniani kutokana na ununuzi mkubwa wa vituo vya data vya akili mnemba. Jambo hilo liliipa heshima mpya memori iliyotumika, ile inayochomolewa katika kompyuta mbovu na kuuzwa na mafundi.

Hata hivyo, si kila kompyuta inayoruhusu mkono wa fundi. Apple ilipoleta MacBook Pro yenye kioo cha Retina mwaka 2012, memori ilikuwa imechomelewa kwenye ubao mama na betri imegandishwa kwa gundi. MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka huo huo, ya umbo la zamani, bado ilikuwa na matundu ya memori na diski ya kubadilishwa. Watengenezaji wengine walifuata njia hiyo ya kuchomelea kwa ajili ya wembamba. Ndiyo maana kompyuta nene na isiyopendeza ya mwaka 2012 inaweza leo kuwa na maisha marefu kuliko nyembamba ya mwaka 2016 yenye gigabaiti 4 zisizoongezeka.

Adui wa pili ni joto. Feni huvuta hewa, na hewa ya Ghuba au ya pwani ya Afrika Mashariki huja na vumbi, na pwani huja na chumvi pia. Baada ya miaka michache, zulia jembamba la vumbi huziba mapezi ya shaba yanayotoa joto nje. Prosesa ikihisi inaungua hujipunguzia mwendo yenyewe, na mwenye kompyuta hudhani imezeeka. Dawa yake ni kuifungua, kuizuia feni isizunguke kwa kidole au kijiti, kupuliza vumbi kwa kopo la hewa, na ikiwa imepita miaka mingi, kufuta ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kuiwasha juu ya mto au kitanda huziba njia ya hewa na kurudisha tatizo lile lile.

Betri yataka maneno zaidi, kwa sababu ni sehemu inayoweza kudhuru watu. Betri ya lithiamu huzeeka kwa matumizi na kwa joto, na huzeeka haraka zaidi inapokaa imejaa pomoni mahali penye joto. Kompyuta iliyoachwa ndani ya gari juani mwezi Julai mjini Muscat hupoteza uhai wa betri ambao haurudi. Watengenezaji kadhaa huweka kipengele cha kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, na kwa kompyuta inayokaa mezani muda wote, kipengele hicho kinafaa kuwashwa. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport huandika ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo uliobaki. Betri iliyovimba, ikainua kibodi au kupanua jalada, haijaribiwi, haitobolewi, na haichajiwi tena. Inapelekwa panapokusanywa betri kuukuu. Na betri ya kubadilishia isiyo na jina, yenye bei ya kushangaza, ni akiba inayoweza kuunguza nyumba.

Juhudi hizo zina maana ya pekee kule ambako umeme hukatika bila taarifa. Kompyuta ya mezani huzimika na kazi ya saa nzima. Kompyuta mpakato yenye betri ya kushika hata dakika arobaini humpa mwanafunzi muda wa kuhifadhi na kumaliza ukurasa.

Kuna betri nyingine, ndogo kama sarafu, inayolinda saa ya ndani. Ikiisha, kompyuta huwaka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama havilingani na tarehe hiyo. Kuna kompyuta zinazotupwa kwa kisa cha "intaneti imekufa" wakati kilichokufa ni kijibetri cha bei ya soda.

Likibaki suala la mfumo endeshi, njia ziko tatu. Mwaka 2025 Microsoft iliwapa watumiaji binafsi nyongeza ya masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Hiyo ni pumzi, si tiba. Njia ya pili ni kuisakinisha Windows 11 kwa hila katika kompyuta isiyokubaliwa. Hufanyika, lakini Microsoft imeonya kwamba kompyuta hizo hazihakikishiwi masasisho, na zawadi ya namna hiyo humwachia fumbo yule anayeipokea.

Ya tatu ni Linux. Linux Mint 22, iliyotoka 2024, itapata masasisho hadi 2029, na huenda vizuri kwenye ile X220 yenye SSD na gigabaiti 8. Huja na LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi hati za Word. Wasemao Kiswahili wana historia yao katika uwanja huu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lakini ikiwa chuo cha mpwa kinadai programu fulani inayotumika katika Windows pekee, aulizwe kwanza, si baada ya mzigo kufika.

Ipo pia mipaka ya kweli. Prosesa zisizo na uwezo wa biti 64 zimeachwa hata na Debian, ambayo toleo lake la 13 la Agosti 2025 halina tena kisakinishi chake. Ubao mama ulioungua hugharimu zaidi ya kompyuta nzima iliyotumika. Kompyuta iliyovuka hapo isisafirishwe. Itolewe memori na diski, mabaki yapelekwe kituo cha kuchakata huko huko iliko.

Anayeamua kusafirisha ana mambo mawili ya mwisho. Kwanza ni kufuli. Kompyuta za ofisi huuzwa zikiwa bado zimefungwa kwa nywila ya BIOS au zimesajiliwa katika mfumo wa kampuni, na za Apple huwa na kufuli ya akaunti ya mwenye nazo wa awali. Mara nyingi aliyeuza ndiye anayeweza kuifungua, hivyo ni bora ijaribiwe akiwa bado anapatikana. Data za zamani nazo zifutwe kwa amri maalumu ya kusafisha diski, kwani kuzitupa kwenye kapu la takataka la kompyuta hakuzifuti.

Pili ni ndege. Betri ya akiba haikubaliwi katika mzigo unaokwenda chini. Hubebwa mkononi, na isiyozidi saa-wati 100 haihitaji kibali cha shirika la ndege. Chaja nyingi hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo kinachobadilika ni plagi tu. Ya Uingereza na Oman huingia moja kwa moja Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, ila anayetoka Marekani, au anayepeleka Bujumbura, anunue waya wenye plagi ya huko.