Dini na Madaraka Katika Vita vya Miaka Thelathini

(Hotuba kwa wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya jambo la historia, somo ambalo kulifundisha ndiyo kazi yangu. Nimechagua vita vilivyopiganwa Ulaya ya Kati tangu mwaka 1618 hadi 1648. Wengi tulifundishwa kwamba vilikuwa vita vya Wakatoliki na Waprotestanti. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi.

Ujerumani ya siku zile ilikuwa mkusanyiko wa mamia ya nchi ndogo na miji chini ya Kaizari mmoja. Mapatano ya Augsburg ya mwaka 1555 yalimruhusu mtawala kuchagua Ukatoliki au Ulutheri. Raia asiyeafiki alipaswa kuhama. Wafuasi wa Calvin waliachwa nje kabisa. Kwa hiyo kila palipotokea ugomvi wa kiti cha utawala, dini nayo ilikuwa mashakani.

Tarehe 23 Mei 1618, wakuu wa Kiprotestanti wa Bohemia, wakihofia haki zao za ibada, waliwatupa magavana wawili wa Kaizari pamoja na karani wao kupitia dirisha la ngome ya Prague. Wote watatu walinusurika. Wakatoliki walisema wameokolewa na Bikira Maria. Waprotestanti walisema wameangukia samadi.

Sasa tazameni yaliyofuata. Mwaka 1620 Johann Georg, mtawala Mlutheri wa Saxony, alimsaidia Kaizari Ferdinand wa Pili, Mkatoliki, dhidi ya Waprotestanti wa Bohemia. Ujira wake ulikuwa jimbo la Lusatia. Mwaka 1631 Ufaransa ya Kikatoliki, ambayo waziri wake mkuu alikuwa Kardinali Richelieu, iliahidi kumlipa Gustavus Adolphus, mfalme Mlutheri wa Sweden, taler 400,000 kwa mwaka ili apigane na Kaizari. Kardinali hakuwa amebadili dini. Aliuogopa ukoo wa Habsburg, uliotawala Austria na Hispania na kuibana Ufaransa pande mbili. Mwaka 1643 Sweden ikaivamia Denmark, Mlutheri kwa Mlutheri, kwa kugombea nguvu katika Bahari ya Baltiki.

Je, dini ilikuwa kisingizio tu? Mimi sikubali. Mwaka 1629 Ferdinand aliamuru Waprotestanti warudishe mali zote za Kanisa walizotwaa tangu 1552, amri iliyowatia wasiwasi hata baadhi ya Wakatoliki waliomuunga mkono. Mtu wa hesabu za madaraka peke yake asingethubutu. Kwa maoni yangu, dini iliwapa watu moyo wa kufa, na madaraka yakaamua wafe kwa faida ya nani.

Na walikufa wengi. Mei 1631 mji wa Kiprotestanti wa Magdeburg ulitekwa ukateketea. Katika watu wapatao 25,000, walikufa kama 20,000. Askari wa kukodiwa, mishahara ilipokosekana, waliwapora wakulima bila kuuliza dini yao. Njaa na tauni vikafuata. Wanahistoria hukadiria vifo vyote kuwa kati ya milioni 4.5 na milioni 8.

Amani ilitiwa sahihi tarehe 24 Oktoba 1648, baada ya majadiliano ya miaka katika miji ya Münster na Osnabrück. Mkataba haukuamua dini ipi ni ya kweli. Uliwatambua wafuasi wa Calvin, na ukakubali kwamba mtawala akibadili dini, raia wasilazimishwe kumfuata, ingawa Kaizari alizikinga nchi zake nyingi na sharti hilo.

Vijana, ninyi mnalala bweni moja, wengine mkienda msikitini na wengine kanisani. Ipo siku mtaambiwa na mtu mkubwa kwamba imani yenu iko hatarini. Huenda ikawa kweli, wala msimdharau anayeilinda imani yake. Lakini kabla ya kuinuka, ulizeni mambo mawili: nani anagharimia ugomvi huu, na akishinda atapata nini? Mkulima wa Bohemia hakupewa nafasi ya kuuliza. Ninyi mnayo.