Mfanya Kazi wa Nyumbani Akiugua
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Wiyoni, Lamu)



Habari za mshahara tumekwisha kuzisema mara nyingi. Leo twataka kusema habari ya ugonjwa.

Wengi mliomo humu hamkuzaliwa Lamu. Mmetoka bara, mmetoka Mto Tana na Kilifi, mkaja kufua, kupika na kulea watoto katika nyumba za mjini na za Shela. Mwenyeji akiugua ana mamake na shangazi zake. Mgeni ana tajiri wake tu, na matajiri wengine dawa yao twaijua: nauli ya boti mpaka Mokowe, kisha basi, ukapone kwenu. Mwezi ujao yuko yaya mwingine.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 haikumtenga mtumishi wa nyumbani. Kifungu cha 30 chasema kwamba aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo, akiugua, apewe siku 7 za mapumziko kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Kifungu cha 34 chamtaka tajiri ahakikishe kuna dawa ya kutosha, na daktari ikiwezekana, ugonjwa ukiwa mzito. Lakini hapo pana mlango wa kutorokea: tajiri aweza kujitetea kuwa hakujua. Kwa hiyo usivumilie kimya ukidhani ndiyo adabu. Mwambie siku ile ile, tena kwa ujumbe wa simu, maana ujumbe hubaki.

Sasa bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kazi ya NHIF imechukuliwa na SHA. Makato ni shilingi 2.75 katika kila mia ya mshahara, wala hayapungui 300 kwa mwezi. Mwenye 12,000 hukatwa 330. Kazi ya kukata na kupeleka ni ya tajiri. Ukikatwa, uliza kama fedha zimefika.

Na hata asiyekatwa bado asikate tamaa. Aliyejiandikisha hutibiwa zahanati na kituo cha afya bila malipo, kwa mfuko wa serikali. Uandikishaji ni wa nchi nzima: aliyeandikwa Garsen hutibiwa Lamu. Hospitali kubwa ndiyo yataka michango iwe imelipwa.

Ila kujiandikisha kwataka kitambulisho, na wako wenzetu ambao vitambulisho vyao vimefungiwa kabatini kwa tajiri, eti wasitoroke! Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, wasema mtumishi akae na karatasi zake mwenyewe. Kiombeni kwa upole. Mkinyimwa, njoni kwetu, tutakwenda pamoja kukidai.

Mwenye kitambulisho na simu asiondoke kwanza. Tutabonyeza *147# pamoja hapa hapa.