Aliyerudi Asichekwe



Leo nataka kusema juu ya watu wa Bolsover, huko Uingereza. Wazee wao walikuwa wachimba makaa ya mawe. Tangu jimbo lile lilipoundwa mwaka 1950 walichagua chama cha Labour, ambacho vyama vya wafanyakazi vilishiriki kukianzisha mwaka 1900. Mwaka 1970 walimpeleka Bungeni Dennis Skinner, mchimba makaa mwenzao, akakaa huko miaka 49. Lakini mwaka 2019 walimwangusha, wakachagua Conservative.

Hawakuona faida. Bei za vitu zilipanda, na mwaka 2022 Waziri Mkuu Liz Truss alidumu siku 49 tu. Julai 2024 Bolsover ikarudi Labour.

Je, mtu aliyerudi namna hii apokelewe vipi? Wako wasemao, "Mwacheni, si alitutupa?" Mimi nasema hapana. Mketisheni, mwulizeni ni kitu gani kilichomwondoa. Kura yake huhesabiwa moja, sawasawa na ya yule asiyetoka kamwe.

Lakini kumkaribisha mgeni si kumshibisha. Mei 2025 chama kingine, Reform UK, kilishinda baraza la Derbyshire, mkoa ulio na Bolsover. Hata mwaka haukuwa umeisha!

Basi na sisi, aliyerudisha kadi kwa hasira akija tena, asichekwe. Tumpe kiti, tulisikilize shauri lake, na tulifuate mpaka liishe. Hapo ndipo atakaa.

Umoja ni nguvu.