Jamhuri Changa na Viti Vitupu vya Upinzani

Hotuba kwa wananchi waliokutana Watamu kwa somo la uraia



Nimeombwa niseme juu ya mabadiliko ya siasa na ya jamii katika jamhuri changa. Watetezi wa mageuzi hupenda kutaja mfano wa Marekani, nami nitautaja kwa ufupi. Lakini nia yangu hasa ni jamhuri yetu wenyewe, ile iliyozaliwa tarehe 12 Desemba 1964, na jinsi ilivyotuponyoka mikononi kabla haijafikia umri wa mtoto wa kuanza shule.

Hoja yangu ni moja. Jamhuri haiuawi kwa siku moja, wala kwa bunduki peke yake. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa sheria zinazopitishwa mchana kweupe, na kazi hiyo huwa nyepesi pale wapinzani wanapokubali kuviacha viti vyao.

Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787 na ikaanza kutumika mwaka 1789. Waasisi wake waliviogopa vyama vya siasa, wakaviona kuwa ni vikundi vya fitina. Hata hivyo, miaka 10 haikupita kabla ya nchi kugawanyika pande mbili: upande wa Hamilton uliotaka serikali kuu yenye nguvu, na upande wa Jefferson na Madison uliotetea mamlaka ya majimbo. Mwaka 1798 upande uliokuwa ukitawala ulipitisha sheria ya uchochezi, na kuandika maneno ya kuifedhehesha serikali kukawa kosa la jinai. Mbunge wa Vermont, Matthew Lyon, alitiwa gerezani kwa sheria hiyo, na wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa huko huko gerezani. Wapinzani hawakukivunja chama chao. Waliingoja kura. Walishinda uchaguzi wa mwaka 1800, na tarehe 4 Machi 1801 Rais John Adams akamwachia Jefferson madaraka bila damu kumwagika.

Tusiipambe jamhuri hiyo kupita kiasi. Katiba ile ile ilihesabu watumwa 5 kuwa sawa na watu huru 3, ili mabwana zao wapate viti zaidi bungeni. Wanawake wenye mali wa New Jersey walikuwa wakipiga kura, wakanyang'anywa haki hiyo mwaka 1807. Mwaka 1821 jimbo la New York liliwaondolea wazungu sharti la mali, likawabakishia watu weusi sharti la kumiliki mali ya dola 250 ndipo wapige kura. Nayo mamlaka ya majimbo, yaliyotetewa kwa jina la uhuru, yakageuka ngao ya utumwa hadi vita vya mwaka 1861 hadi 1865. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Sasa tuje nyumbani.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ikiwa na katiba ya majimbo. Palikuwa na majimbo 7, pamoja na eneo la Nairobi, na kila jimbo lilikuwa na bunge lake. Taifa lilikuwa na mabaraza mawili, la Wawakilishi na la Seneti. Mtetezi mkuu wa mpango huo alikuwa mwana wa pwani hii, marehemu Ronald Ngala, kiongozi wa chama cha KADU. Hofu ya watu wake haikuwa ya kubuni. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilikuwa imewapa baadhi ya watu hati katika ukanda wa maili 10, na ardhi nyingi iliyobaki ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mwingereza. Wamijikenda wengi wakajikuta maskwota katika mashamba waliyoyalima wazee wao. Mwezi Oktoba 1963 Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kuhusu ukanda huo, na mahakama za kadhi zikahakikishiwa ulinzi. Suala la asiye na hati halikupata ulinzi kama huo. Ndiyo maana watu wengi walitaka mamlaka juu ya ardhi yawe karibu nao.

Katiba ile ilikuwa na kufuli madhubuti. Kubadilisha vifungu vilivyolinda majimbo kulihitaji robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na sehemu 9 kwa 10 za Seneti. Seneti ilikuwa na viti 41. Maana yake, maseneta 5 wenye msimamo wangetosha kuyazuia mabadiliko yote, na KADU ilipata wengi zaidi ya hao katika uchaguzi wa mwaka 1963.

Basi kufuli ilifunguliwaje? Serikali kuu ilichelewesha fedha na madaraka ya majimbo, na wabunge wa upinzani wakaanza kuhama mmoja mmoja. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ikajivunja na wafuasi wake wakajiunga na KANU. Ilisemekana kuwa ni kwa ajili ya umoja wa taifa. Mwezi uliofuata tukawa jamhuri, na upande wa pili wa Bunge hapakuwa na mtu.

Tazameni yaliyofuata. Mwaka 1965 kiwango cha kura za kubadilisha katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipoanzisha KPU, katiba ilibadilishwa upesi ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Sheria hiyo haikuwako wakati KADU ilipohama. Mwaka huo huo serikali ikajipa uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na Seneti ikaondolewa. Mwaka 1968 mabaraza ya majimbo yakafutwa kabisa. Mwezi Oktoba 1969 KPU ikapigwa marufuku. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kikaandika kwa wino jambo lililokuwa limekwisha tendeka, kwamba nchi ni ya chama kimoja. Mwaka 1988 tukapangishwa foleni nyuma ya wagombea, na walioshindwa wakatangazwa washindi.

Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huo tuliujenga kwa gharama kubwa: kwa machozi ya Saba Saba ya mwaka 1990, kwa kuondolewa kwa kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991, na kwa kungoja hadi mwishoni mwa mwaka 2002 ndipo chama tawala kikamwachia mshindi madaraka. Marekani ilifika hapo katika mwaka wa 12 wa katiba yake. Sisi ilituchukua miaka 39 tangu uhuru.

Sisemi haya ili kumtukana marehemu Ngala. Alibanwa kwa njaa ya fedha, akaachwa na wenziwe, na mwaka 1966 akawa waziri. Ninalouliza ni hili: je, mtu wetu alipopata kiti katika Baraza la Mawaziri, skwota alipata hati? Mwenye kujibu na ajibu kwa kutazama mashamba yaliyotuzunguka.

Wala sisemi kwamba jimbo lenyewe ndilo uhuru. Hapa ndipo tunaporudi kwa Marekani. Mamlaka ya mashinani yasipomlinda kila mkazi hugeuka fimbo. Mwezi Agosti 1997, kule Likoni, watu waliuawa na kufukuzwa kwa sababu wazee wao walizaliwa bara. Hayo hayakuwa mageuzi. Anayedai haki ya pwani kwa kumnyima jirani yake haki anamfundisha mtawala namna ya kumnyima yeye.

Leo tunayo tena kufuli. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilituletea kaunti 47, ikairudisha Seneti, ikaamuru kwamba kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ikaunda Tume ya Taifa ya Ardhi yenye jukumu la kuchunguza dhuluma za kale. Muundo wa ugatuzi hauwezi kubadilishwa bila kura ya maoni. Mahakama Kuu mwezi Mei 2021, na Mahakama ya Juu mwezi Machi 2022, ziliuzuia mswada wa BBI. Lakini kufuli haimfai kitu mwenye nyumba anayemkabidhi mgeni ufunguo. Mwaka 2018 tuliona wakubwa wakipeana mikono, na mwaka 2024 tukaona viongozi wa upinzani wakiingia serikalini. Kila mara neno ni lile lile la mwaka 1964: umoja.

Nawaombeni mambo matatu. Kwanza, mwakilishi wenu wa wadi anapokwenda kuketi katika Bunge la Kaunti kule Malindi, mwulizeni amehoji hesabu gani, wala msimpime kwa ukaribu wake na gavana. Pili, mswada wowote wa kurekebisha katiba usomeni, hata ukiambiwa kuwa ni mdogo. Marekebisho ya mwaka 1965 nayo yalionekana madogo. Tatu, kiongozi mliyemchagua akae upinzani akihama kwa jina lenu, mwulizeni hadharani amewaletea nini, na ni nani atakayeketi katika kiti alichokiacha.

Umoja ni jambo jema. Lakini nchi ambayo hakuna anayeruhusiwa kusema hapana haina umoja, ina ukimya. Ukimya huo tuliujaribu kwa zaidi ya miaka 20, na bei yake tunaijua.