Kutazama Nyota Si Kupiga Ramli

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Kijana Mwislamu akikesha uani na darubini, hakosi mpita njia wa kunong'ona, "Huyu apiga falaki," na wazazi wake wakaingiwa na haya. Neno hilo yafaa lipimwe kabla ya kutamkwa, maana falaki katika vinywa vya watu hubeba mambo mawili: elimu na uaguzi.

Uaguzi ni kumtazamia mtu nyota yake, kumchagulia siku ya kuoa au kumtajia mwizi wa mbuzi wake, kisha kupokea fedha. Hayo ni haramu. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakadhani limepatwa kwa msiba huo. Aliwakatalia, akawafunza kuwa jua na mwezi ni ishara za Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu. Aliyekuwa na majonzi makubwa kuliko wote ndiye aliyeukataa uzushi. Hapa Uganda nako, jua lilipopatwa kabisa tarehe 3 Novemba 2013 na watu wakakusanyika Pakwach, saa na mahali vilikwisha kujulikana zamani kwa hesabu, pasipo ramli.

Ama elimu, hiyo ni urithi wa Waislamu. Abdul-Rahman as-Sufi alizaliwa Rayy, katika Uajemi, mwaka 903. Alikipokea kitabu cha Ptolemy, Myunani wa kale, lakini hakukubali kila neno. Alizitazama nyota kwa macho yake na kuupima upya mng'ao wake. Katika kitabu chake cha mwaka 964 alitaja kiwingu kidogo katika kundi la nyota liitwalo Andromeda. Hakuwa na darubini, kwani ilikuwa haijabuniwa.

Kiwingu hicho kilisubiri. Mwaka 1888 Isaac Roberts wa Uingereza, ambaye kazi yake ilikuwa ujenzi, alikipiga picha iliyoonyesha umbo la mzunguko kama wa konokono. Mwaka 1923 Edwin Hubble, huko Marekani, alipata ndani yake nyota iliyothibitisha kuwa kiko mbali mno, nje ya jamii ya nyota ambamo jua letu limo. Leo yajulikana kuwa ni galaksi, yaani jamii ya nyota mabilioni mengi, na nuru yake husafiri miaka ipatayo milioni 2.5 hata kufika jichoni.

Wapenzi wa nyota wangali wakiitafuta elimu hiyo kwa saburi. Mtambo huigeuza darubini polepole kuifuata nyota, kwa kuwa dunia yazunguka. Kamera hukusanya nuru usiku baada ya usiku. Kisha picha nyingi huunganishwa kwa kompyuta zikawa moja. Kwa njia hiyo Yann Sainty na Xavier Strottner wa Ufaransa, pamoja na Marcel Drechsler wa Ujerumani, walitangaza mwaka 2023 tao kubwa la hewa ya oksijeni ing'aayo, lionekanalo kando ya galaksi ile ile. Hawakuwa wataalamu wa kulipwa, na darubini kubwa za dunia zilikuwa hazijaliona.

Asiye na mali naye ana fungu lake. Mwezi wa Novemba, yapata saa tatu usiku, mahali pasipo taa, na aelekee kaskazini. Katikati ya upeo na utosi ataona ukungu mdogo. Ndicho kiwingu cha as-Sufi.

Vijana washike mambo matatu: wasilitazame jua kwa darubini isiyo na kinga, kwani litawapofusha, kesha lao lisiwapotezee sala ya alfajiri, wala wasimtabirie mtu, hata kwa mzaha. Na wazee, badala ya kunong'ona ukutani, waingie uani waombe kuonyeshwa. Mtoto aliyeitwa mchawi kwa kutafuta elimu aweza kuiacha elimu, na pengine akauacha na msikiti.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzizingatia ishara zake. Wabillahi taufiki.